Daraja Lililoanguka kwa Kupanda Juu

Wengi wakiyaona matundu matatu ya mviringo kila upande wa daraja la kale la Pontypridd, huko Wales, hudhani ni urembo. Kumbe ndiyo yaliyolinusuru.

Mjenzi wake, William Edwards, alikuwa mtoto wa mkulima, naye mwenyewe mchungaji wa kanisa. Uashi alijifunza mwenyewe, kwa kupanga kuta za mawe mashambani na kuyachunguza magofu ya ngome ya Caerphilly. Mwaka 1746 alipewa kazi ya kuvusha barabara juu ya mto Taff, kwa sharti kwamba daraja lisimame miaka 7. La kwanza lilikuwa na nguzo mtoni. Mafuriko yakaleta miti, ikakwama kwenye nguzo, maji yakajaa nyuma yake, na daraja likasombwa. Edwards akaziacha nguzo kabisa: tao moja tu, karibu mita 43, toka ukingo hadi ukingo. Jaribio hilo likaporomoka kiunzi cha mbao kilicholibeba tao kiliposhindwa. La tatu lilisimama, kisha likafumuka kileleni.

Hapo ndipo penye somo. Tao halishikiliwi na chokaa bali na msukumo: kila jiwe hulikandamiza la pili yake, na nguvu hiyo hushuka mpaka kwenye kingo. Jiwe huvumilia kubanwa, kuvutwa haliwezi. Sasa, ili barabara isipande mno, mabega ya tao hujazwa mawe na udongo. Mjazo wa Edwards ulikuwa mzito, ilhali kilele kilikuwa chembamba na chepesi. Chukua ufito uliopindwa, uubonyeze pande zote mbili: katikati huinuka. Mabega yalididimia, kilele kikasukumwa juu, mawe yakaachana.

Mwingine angeongeza mawe kileleni. Edwards alipunguza mabegani. Katika daraja la nne, lililokamilika 1756, alipitisha matundu tangu upande mmoja hadi wa pili. Kubwa, lenye kipenyo cha karibu mita 2.7, liko jirani na ukingo, na mengine hupungua kadiri yanavyokaribia kilele. Tao hilo bado limesimama.

Kama barabara, lakini, lilikuwa adha. Mteremko wake ni mkali hata mikokoteni ililazimika kuzuiwa kwa minyororo wakati wa kushuka. Mwaka 1857 daraja lenye mwinuko mdogo lilijengwa ubavuni mwake, karibu kiasi kwamba anayetaka kuliona vizuri tao la Edwards sharti alitazame kutoka upande wa pili.