Kihispania Ukubwani: Usipite Njia Ndefu, Pitia Nyumbani

Mchukue kijana yeyote aliyezaliwa Malambo, huko wilayani Ngorongoro. Akifika miaka 30 ameshabeba lugha tatu. Kimaasai alikinyonya kwa mama, Kiswahili alikutana nacho shuleni, na Kiingereza kilimhangaisha sekondari mpaka kikakubali. Leo yuko Karatu, anaendesha Land Cruiser ya watalii, ana mke au mchumba, na kuna kitu kinamnyima usingizi: wageni wanaoongea Kihispania wanakuja, lakini safari zao wanapewa wengine.

Biashara ni biashara. Wahispania wengi huchukua likizo mwezi Agosti, wakati nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti. Ongeza Wameksiko, Waajentina na Wakolombia. Wapo wengi ambao Kiingereza kinawapiga chenga, kwa hiyo kampuni inamtafuta anayeongea lugha yao, na kwa kawaida inamlipa vizuri zaidi. Hata bonde la Oldupai lina Kihispania chake: tangu mwaka 2006 wanasayansi wa Hispania, akiwemo Manuel Domínguez-Rodrigo, wamekuwa wakifanya utafiti pale pamoja na Mtanzania mwenzao, Audax Mabulla.

Basi jamaa anaamua kujifundisha mwenyewe. Ananunua kitabu, anapakua programu kwenye simu. Wiki mbili za kwanza moto kweli kweli. Ya tatu, kimya. Tatizo ni nini?

Daraja la mbali

Vitabu vingi vya Kihispania tunavyovipata huku vimeandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake mtu anatafsiri mara mbili, halafu anarithi matatizo ya Waingereza ambayo hata si yake!

Mfano mzuri ni jinsia za maneno. Kihispania kinasema el león (simba, kiume) na la cebra (pundamilia, kike). Mwingereza hapo anaumwa kichwa. Mmaasai je? Lugha yake ina mambo hayo hayo tangu azaliwe: oldoinyo ni mlima, endoinyo ni kilima. Ol- ni ya kiume, en- ni ya kike. Tofauti ni kwamba Kimaasai kinamruhusu kubadili jinsia ili aonyeshe ukubwa au udogo, wakati Kihispania kwa kawaida hakimruhusu. Hapo inabidi akariri kila neno pamoja na el au la yake.

Au chukua ile r nzito. Pero ni "lakini", perro ni "mbwa". Wageni wengi hukesha wakifanyia ulimi mazoezi. Kimaasai kina r nyepesi na r ya kutetemesha, zote mbili. Mtu wa Malambo tayari anazo mdomoni.

Na Kiswahili nacho hakijakaa bure. Irabu ni zile zile tano. Ñ ni "ny" yetu, ndiyo maana nyumbu anaitwa ñu. J inakaribia "kh" ya kheri, na z ya Hispania ni "th" ya thelathini. Hablo maana yake "nasema", neno moja tu, mtendaji yumo humo humo ndani. Sisi tunamweka mwanzoni, wao wanamweka mwishoni.

Maneno mengine ni ndugu kabisa: meza na mesa, bendera na bandera, mvinyo na vino. Hayo tuliachiwa na Wareno, ambao lugha yao ni dada wa Kihispania. Sukari na azúcar, hata na hasta, yote yametoka kwa Waarabu, waliotawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba unaanza sifuri. Tengeneza daftari lako mwenyewe: Kihispania upande mmoja, Kiswahili au Kimaasai upande wa pili. Kiingereza kipumzike kidogo.

Aibu ya mtu mzima

Mtoto akikosea anacheka, anaendelea. Mtu mzima akikosea anakumbuka cheo chake. Na Kihispania kina mitego yake, jamani! Estoy cansado ni "nimechoka", estoy casado ni "nimeoa". Ukitaja umri wako, usisahau kile kiwimbi juu ya n: años ni miaka, lakini anos... hapo umetaja sehemu ambayo haitajwi mezani. Na kitenzi coger, ambacho Mhispania anakitumia kutwa nzima kwa maana ya kuchukua, kwa Muajentina au Mmeksiko ni habari za chumbani.

Dawa yake ni kukosea mapema, mbele ya watu wanaokupenda. Soma kwa sauti. Jirekodi kwenye simu, ujisikilize. Anayesoma kimya kimya mwaka mzima atafahamu maneno mengi, lakini siku mgeni akimwuliza simba yuko wapi, ulimi utaganda.

Mwenzako yuko wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria kuwa anayetokea Kiingereza anahitaji saa 600 hadi 750 za darasani ili akimudu Kihispania vizuri. Kwa nusu saa kila siku, hiyo ni kati ya miaka mitatu na minne. Kwa saa moja, ni kama miwili. Sasa hiyo saa inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye muda wa mwenzako.

Jiweke kwenye nafasi yake. Saa nne usiku, mume kageukia ukutani, ana vidude masikioni, ananong'ona "mi amor". Nani atalala?

Kaeni chini mkubaliane kabla ya kuanza: ni saa ngapi, kwa muda gani, na fedha za ziada zikipatikana zitafanya nini. Masika ya Aprili na Mei, kazi zinapopungua, muda wa kusoma uongezeke. Msimu ukichanganya, dakika 15 zinatosha ili lugha isilale. Ukitaka lengo la kupimika, kuna mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes, kuanzia ngazi ya A1 hadi C2. Kwa kazi ya safari, B1 ni shabaha nzuri.

Halafu mpe mwenzako daftari. Yeye aulize, wewe ujibu. Hata kama hajui neno, jibu analiona pale kwenye karatasi. Mtacheka, na wewe utapata kitu ambacho programu ya simu haina: mtu anayefurahi ukipatia.

Na siku akikuuliza "nakupenda" inasemwaje, mpe zote mbili: te quiero na te amo. La pili ni zito zaidi, kwa hiyo ukilitamka, umaanishe.