Mdudu Asiyeuma Lakini Huunguza: Habari za Nzi wa Nairobi

Mvua zinaponyesha kwa wingi, watu wengi katika Kenya huamka asubuhi wakajiona wana alama nyekundu shingoni, usoni au mkononi, mfano wa mtu aliyechapwa kiboko au kuguswa kwa pasi ya moto. Siku ya pili alama hiyo hufura na kutoa malengelenge, nayo huwasha na kuuma kama jeraha la moto. Jirani humwuliza mwenye alama, "Umeunguzwa na nini?" naye hana jibu, kwa kuwa alilala mzima na hakusikia kitu chochote kikimwuma. Wako wasemao kwamba buibui amemkojolea. Wengine huingiwa na hofu kwamba ni maradhi mabaya yaliyo ndani ya damu. Mama aonaye alama kama hiyo shavuni mwa mtoto wake aweza hata kumshuku yaya kwamba amemchoma mtoto kwa makusudi.

Buibui hana hatia katika jambo hili, na mara nyingi yaya naye hana. Mwenye kuleta jeraha hilo ni mdudu mdogo aitwaye nzi wa Nairobi. Jina lenyewe halimfai hata kidogo. Yeye si nzi bali ni mbawakawa, wala makao yake si Nairobi peke yake, maana huonekana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki penye udongo wa unyevu. Wataalamu humwita Paederus, na aina mbili zijulikanazo sana kwetu ni Paederus sabaeus na Paederus eximius. Jamii yake ina aina zaidi ya 600 ulimwenguni, ingawa si zote zijulikanazo kuwadhuru watu. Mwezi wa Julai 2022 wanafunzi wapatao 100 wa chuo cha uhandisi katika jimbo la Sikkim, India, waliunguzwa na wadudu wa jamii hii, na magazeti ya huko yakawaita kwa jina la mji wetu.

Yafaa kila mtu ajue kumtambua mdudu huyu, na watoto wafundishwe pia. Ni mwembamba, na urefu wake ni kama milimita 7 hadi 10, hata mtu akimtazama kwa haraka aweza kudhani ni siafu. Lakini rangi zake humfichua. Kichwa ni cheusi, kifua ni chekundu kama chungwa lililoiva, katikati ya mgongo ana magamba mafupi ya rangi ya buluu au kijani yenye kung'aa, kisha tumbo ni jekundu tena, na ncha ya mkia ni nyeusi. Akishtuliwa huinua mkia juu. Chini ya magamba yale mafupi mna mabawa yaliyokunjwa, naye aweza kuruka vizuri, lakini mara nyingi huonekana akikimbia mbio juu ya ukuta, meza au shuka.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mdudu huyu haumi kwa meno wala hana mwiba. Aweza kutembea juu ya mkono wa mtu kutoka kwenye kidole hadi kwenye bega, akaenda zake, na mtu yule asidhurike. Sumu yake imo ndani ya damu ya mwili wake, nayo hutoka mwili ule upondwapo. Basi anayeifungua sumu kwa kawaida ni mtu mwenyewe. Husikia kitu kikimtambaa shingoni, mara hupeleka mkono na kukipiga au kukisugua, kama tulivyozoea kufanya kwa mbu. Mbu akipigwa hufa na habari yake huisha. Nzi wa Nairobi akipigwa, habari yake ndiyo kwanza inaanza. Mkono ule humpaka mtu sumu juu ya ngozi, na kwa kuwa aliuvuta mkono wakati wa kusugua, alama hutokea ndefu kama mstari. Hiyo ndiyo sababu majeraha haya hufanana na alama za kiboko.

Sumu hiyo huitwa pederini. Wataalamu wawili wa Italia, Pavan na Bo, waliitenga na kuipa jina mwaka 1953. Baadaye ikafahamika jambo la ajabu, kwamba mdudu mwenyewe si mwenye kuitengeneza. Hutengenezwa na vijidudu vya bakteria viishivyo ndani ya mwili wa jike, naye jike huipitisha katika mayai yake, na hivyo huwalinda watoto wake wasiliwe na buibui. Kwa hiyo majike wengi wana sumu nyingi, na madume wana kidogo. Lakini msomaji asijaribu kuchagua dume na jike usiku kitandani.

Watu huuliza kwa nini jeraha halionekani saa ile ile. Sumu hii haichomi kama maji ya betri, ambayo huunguza mara yaigusapo ngozi. Pederini huingia katika chembe hai za ngozi na kuzizuia zisitengeneze protini zinazohitaji ili ziishi, na chembe hizo hufa polepole. Mtu apondaye mdudu saa mbili ya usiku aweza kulala bila maumivu yoyote. Kwa kawaida ngozi huwa nyekundu baada ya kama siku moja, na malengelenge hutokea siku ya pili. Wakati huo mtu amekwisha sahau kile kitu alichokisugua shingoni. Kuchelewa huku ndiko kunakowafanya watu wamsingizie buibui, au chakula, au jirani.

Lakini kuchelewa huko kuna faida pia kwa mtu mwenye maarifa. Akijua kwamba amemponda mdudu huyu, anao muda wa kuiondoa sumu kabla haijafanya kazi yake yote. Na aende mara moja akaoshe mahali palipoguswa kwa sabuni na maji mengi. Sabuni yoyote yafaa, hata ya kufulia. Maji matupu hayatoshi, na kupangusa kwa kitambaa kikavu ni kuieneza sumu tu. Aoshe na mikono yake yote miwili, pamoja na kucha, kabla hajagusa kitu kingine. Shuka au shati lililopata majimaji ya mdudu lifuliwe kwa sabuni kabla ya kutumiwa tena. Wala mtu asifikiri kwamba mdudu aliyekauka amekuwa salama, kwa maana sumu hudumu ndani ya mzoga wake kwa muda mrefu.

Jambo la kuogopwa zaidi ya yote ni macho. Ni mara chache mdudu mwenyewe huingia jichoni. Sumu hufika huko kwa vidole. Mtoto humponda mdudu mkononi, halafu akisikia usingizi hufikicha macho yake, na kesho yake kope zimevimba hata jicho halifunguki. Madaktari wa nchi hii wanaujua ugonjwa huu tangu zamani, nao umepata kuitwa jicho la Nairobi. Jicho likipatwa, lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika nyingi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Mtu asitie jichoni maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala dawa iliyobaki ya mgonjwa mwingine.

Jeraha la ngozi likiisha kutokea, kazi ya kwanza ni ile ile ya kuosha kwa sabuni, kusudi kama kuna sumu iliyosalia isienee. Kisha liwekwe kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji baridi, mara kadhaa kwa siku, ili moto na mwasho upungue. Malengelenge yasitumbuliwe kwa sindano wala mwiba. Ngozi ile ya juu ndiyo kifuniko cha jeraha, na ikiondolewa uchafu huingia. Pia mtu ajizuie kujikuna. Katika zahanati mganga aweza kutoa mafuta ya kupunguza uvimbe, na vidonge vya kupunguza mwasho ili mgonjwa apate usingizi. Jeraha likitoa usaha, au likizidi kuuma na kuvimba, au mgonjwa akishikwa na homa, hiyo ni dalili kwamba vijidudu vingine vimeingia, na hapo inahitajiwa dawa ya kuviua. Wako watu wapakao dawa ya meno, majivu au mafuta ya taa. Mafuta ya taa huunguza ngozi iliyokwisha ungua, na majivu huleta uchafu, basi ni heri kutopaka kitu kuliko kupaka hivyo. Jeraha la kawaida hukauka na kupona kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Hubaki alama nyeusi, nayo hufifia polepole kwa miezi.

Hapa yafaa kusema neno juu ya mkanda wa jeshi, kwa sababu maradhi haya mawili huchanganywa sana, na watu wengine wametiwa fedheha bure na majirani wenye maneno. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hushika upande mmoja tu wa mwili, nao aghalabu hutanguliwa na maumivu ya siku kadhaa kabla malengelenge hayajatoka. Jeraha la nzi wa Nairobi hutokea po pote palipokuwa wazi, bila maumivu ya kutangulia. Kuna na alama nyingine nzuri ya kulitambua. Mdudu akipondwa penye kikunjo cha kiwiko au nyuma ya goti, jeraha huwa mawili, moja juu na moja chini, yakilingana kama mtu na kivuli chake katika kioo, kwa kuwa ngozi ilikunjwa na kugusana. Mwenye shaka aende kwa mganga.

Kwa nini wadudu hawa huja nyumbani? Maisha yao yako shambani, katika nyasi zinazooza, kando ya mito na katika udongo wenye maji. Mvua ikizidi huzaana sana, na usiku huvutwa na mwanga wa taa. Katika mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 walikuwa wengi mno katika Kenya, na watu waliounguzwa nao walikuwa wengi. Kwa hiyo wakati wa mvua madirisha yafungwe kabla taa haijawashwa, na taa isiwe juu ya kitanda. Iwapo taa si lazima, izimwe. Chandarua kile kile kizuiacho mbu humzuia na mdudu huyu, mradi kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Shuka na mito ikung'utwe kabla ya kulala, na nguo zilizoanikwa nje zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nyasi zilizo karibu na nyumba zikatwe. Wakuu wa shule zenye mabweni wana kazi kubwa zaidi, kwa sababu taa za bweni moja huwaita wadudu wa bonde zima, na vile vile askari wa usiku asiketi chini ya taa ya lango, bali kando yake.

Mdudu akionekana juu ya mwili, dawa ni kumpulizia pumzi hata aanguke, au kumwekea kipande cha karatasi apande, kisha atupwe nje. Aliye sakafuni aweza kukanyagwa kwa kiatu, kisha mahali pale na soli vioshwe. Wakiwa wamekufa kwa dawa ya kupuliza, wafagiliwe kwa ufagio, wasiokotwe kwa mkono. Lakini mkulima asiende kuwatafuta mashambani ili awaue, maana huko hula vidukari na mayai ya wadudu waharibifu, na kazi hiyo huifanya bila mshahara.

Mtu aendapo zahanati na jeraha asilolielewa, amweleze mganga alilala wapi, taa ilikuwa wapi, na kama alisugua kitu chochote mwilini siku moja au mbili kabla. Na kama mdudu alionekana, achukuliwe kwa karatasi, atiwe katika chupa yenye kifuniko, apelekwe pamoja na mgonjwa.