Kabla ya Kubeba Mzigo wa Siku Sita Mlimani

Mwezi wa Juni ukiingia, mvua za masika huwa zimepungua. Mlima huonekana asubuhi, na vijana wa vijiji vyetu huanza kutafutwa. Simu inalia jioni: "Kesho saa kumi na mbili uwe getini." Kijana anachukua sweta, anachukua soksi, anaaga, anakwenda. Wengi wetu hujiandaa hivyo kwa safari ya siku sita.

Leo tuzungumze juu ya maandalizi hayo. Somo hili ni la mpagazi. Ni la mke wake na mama yake pia, maana wao ndio wanaobaki nyumbani wakihesabu siku.

UNAKWENDA WAPI?

Mji wa Moshi uko karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kwa njia ya Marangu, kambi ya kwanza ni Mandara, karibu mita 2,700. Ya pili ni Horombo, karibu mita 3,700. Ya tatu ni Kibo, karibu mita 4,700. Kwa njia ya Machame utalala Machame, Shira, Barranco, pengine Karanga, kisha Barafu. Barafu iko karibu mita 4,600. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, lakini wapagazi wengi hawafiki huko. Kazi yao huishia Barafu au Kibo.

Ukipita msitu, unaingia penye majani mafupi na mawe. Ukipita mita 4,000, unaingia jangwani. Ndiyo, ni jangwa. Mvua huko ni kidogo, mimea ni michache, jua ni kali mchana na usiku maji huganda. Hewa ni kavu na nyepesi. Pale Barafu, pumzi moja inakupa hewa inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa.

Wapo wanaosema, "Mimi nimezaliwa mlimani. Ugonjwa wa mlima ni wa Wazungu." Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hivyo kabla sijasoma. Lakini vihamba vyetu vingi viko chini ya mita 1,800. Kutoka kihambani hadi Barafu ni karibu mita 3,000 nyingine kwenda juu. Mwili wa mtu wa Machame unahitaji siku za kuzoea, kama unavyohitaji mwili wa mtu wa London. Huko Nepal pia wapagazi wengi hutoka mabonde ya chini, na huugua kama wageni wanaowabebea mizigo. Tena sisi tunapanda tukiwa na kilo 20, na tunatakiwa kufika kambini kabla ya mgeni.

KIJANA ALIYEOMBA PANADO

Mwaka juzi alikuja zahanati kijana mmoja. Ilikuwa Alhamisi jioni. Alikuwa ametoka kuvuna mpunga huko tambarare. Kichwa kinamuuma, viungo vinamuuma. Akaniambia, "Daktari, nipe Panado tu. Kesho napanda."

Nilimpima malaria kwa kipimo cha haraka. Ilionekana anayo. Nikampa dawa mseto, nikamweleza kwamba ameze kwa siku tatu, asubuhi na jioni, akiwa amekula. Kisha nikamwambia asiende mlimani. Akaniangalia, akasema, "Nisipokwenda watamchukua mwingine. Sare ya mtoto utanunua wewe?"

Sikuwa na jibu. Nikanyamaza, naye akaondoka.

Alipanda. Siku ya kwanza alitapika dawa, akasema ni chakula. Siku ya pili alifika Shira akiwa wa mwisho, akawaambia wenzake kwamba viatu vinambana. Siku ya tatu alianguka njiani. Wenzake walimlaza kwenye machela yenye gurudumu moja, ile inayotumika mlimani, wakamshusha. Alipona. Lakini alilala wodini siku nne, na fedha ya safari iliishia huko.

Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Mke wake alikuwa nje, amekaa kwenye benchi na mtoto. Sikumwita. Sikumwuliza kijana kiongozi wake ni nani, wala sikumpa barua. Kiongozi angeweza kumbadilisha na mtu mwingine, akampeleka yeye katika safari ya wiki iliyofuata. Labda angekataa. Lakini mimi sikujaribu.

Siku hizi mpagazi mgonjwa akija, namwuliza kwanza, "Nani anakupangia safari?" Kisha tunampigia simu tukiwa pamoja.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo shida kubwa kuliko zote. Mgeni akiumwa kichwa, anasema, kwa kuwa amelipa ili atunzwe. Kila jioni kiongozi anamwuliza umekula, umelala, kichwa vipi, na kumbana kidole kwa kile chombo kidogo cha kupima hewa katika damu. Mpagazi mara nyingi haulizwi. Naye hasemi, maana anaogopa kuitwa mlegevu na kukosa safari nyingine. Sasa fanyeni hivi: jigaweni wawili wawili tangu getini. Kila asubuhi na kila jioni mwulize mwenzako kama anavyoulizwa mgeni. Yeye akificha, wewe umwone. Anayekataa ugali siku mbili ni mgonjwa, hata akicheka.

DALILI

Ugonjwa wa mlima huanza na kichwa kuuma. Halafu mtu hukosa hamu ya kula, huona kichefuchefu au kizunguzungu, husikia uchovu mwingi, au usingizi humkimbia. Akiwa na dalili hizi asipande zaidi. Apumzike hapo alipo, anywe maji, atue mzigo. Zikiisha, ataendelea. Zikizidi, ashuke.

Zipo dalili mbili za hatari kubwa. Ya kwanza iko kifuani. Mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, na pengine anatoa povu lenye rangi ya damu. Maji yameingia katika mapafu. Ya pili iko kichwani. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi. Ubongo umevimba. Ukimtilia mashaka, chora mstari ardhini, umwambie atembee juu yake akigusisha kisigino na kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, mshusheni. Msingoje asubuhi, na msimwache ashuke peke yake. Kila mita anayoshuka ni dawa. Wengine wamekufa kwa sababu wenzao walisema, "Mwache alale, kesho atakuwa mzima."

Chai ya tangawizi ni nzuri, inapasha mwili joto. Haitibu ugonjwa huu. Wageni wengi humeza vidonge vya asetazolamidi. Usipokee kidonge kutoka mkononi mwa mgeni. Hujui kama dawa hiyo itakudhuru. Uliza zahanati kabla ya safari.

MAJI NA CHAKULA

Jangwani mtu hupoteza maji kwa jasho na kwa pumzi, na kwa sababu kuna baridi hasikii kiu. Kunywa lita tatu au nne kwa siku. Angalia mkojo wako. Ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha.

Kwa njia ya Machame, kijito cha mwisho kiko bonde la Karanga. Barafu hakuna kijito. Maji yote ya Barafu hupandishwa mabegani na wapagazi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Karanga jaza chupa yako mwenyewe. Usitegemee kwamba utakunywa yanayobaki ya wageni.

Maji ya kijito yanaonekana safi, lakini juu yake wamelala watu wengi. Yachemshe. Huko juu maji huanza kutokota kabla hayajapata moto kama wa nyumbani, basi yaache yatokote dakika tatu. Au tumia dawa ya klorini kama pakiti inavyoeleza. Ukiharisha, changanya vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo.

Kula hata kama huna hamu. Ugali, wali, uji wa sukari, karanga, ndizi. Kabla ya kukubali safari uliza: tutakula mara ngapi kwa siku, na nani anabeba chakula chetu? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Sasa mbege. Siwagombezi wazee wetu kwa mbege, nami nimelelewa nayo. Lakini usiku wa kuamkia safari iache. Konyagi mlimani iache kabisa. Unasikia joto kwa sababu damu imekuja kwenye ngozi, na huko kwenye ngozi ndiko joto linakotokea nje. Baada ya muda mfupi unakuwa wa baridi kuliko yule ambaye hakunywa.

MZIGO NA NGUO

Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mpagazi mmoja. Ndoo kubwa ya maji ya lita 20 ina uzito huo, nawe unaijua. Mizani iko getini. Simama uone mzigo wako ukipimwa. Ukiongezewa kitu baada ya kupita geti, mwambie kiongozi mbele ya wenzako.

Baridi peke yake huvumilika. Baridi na maji ndiyo huua. Sweta la sufu hata likilowa bado linatunza joto kidogo. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa zinanyonya joto la mwili. Katika soko la Memorial, Moshi, utapata koti la mvua na sweta la sufu kwa bei ya mitumba. Tafuta pia viatu vyenye soli ya kushika, kofia ya kufunika masikio, glavu, na miwani ya jua. Pasipo miwani, mwanga wa theluji huunguza macho na mtu huamka haoni. Soksi na nguo za kulalia zifunge ndani ya kipande cha turubai, usizivae mchana hata ukisikia baridi. Hizo ni za usiku.

Kama huna fedha za kununua, mjini Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaitwa KPAP. Ulianza mwaka 2003, na huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Nenda mapema, usingoje siku ya safari.

Mwenzako aliyelowa akitetemeka sana, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mpeni kitu cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka huku anaongea kwa shida, hajapona. Hiyo ni hatari zaidi.

Jambo moja zaidi la usiku. Msiingize jiko katika hema mkalala nalo, liwe la mkaa, la gesi au la mafuta ya taa. Jiko hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Watu wanalala wakifurahia joto, na asubuhi hawaamki.

NANI ASIPANDE SASA?

Aliye na homa asipande mpaka apone. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aje apimwe kifua kikuu, kwa faida yake na ya wale atakaolala nao hema moja. Mwenye selimundu asipande. Mwenye pumu, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ngiri aje kwanza tuongee. Siku hizi wapo pia akina mama na wasichana wanaobeba mizigo. Aliye mjamzito atafute kazi nyingine kwa miezi hiyo. Anayemeza dawa kila siku, za aina yoyote, ahesabu vidonge vya siku zote za safari na aongeze vya siku mbili.

Njoo zahanati siku nne au tano kabla, si jioni ya mwisho.

Kisha andika karatasi, uiache nyumbani. Andika njia utakayopita, siku ya kupanda, siku ya kurudi, jina la kiongozi na namba ya simu ya kampuni. Ndugu msomaji, umejifunza kuandika. Karatasi hiyo usimwachie mtu mwingine akuandikie.

Ukirudi na vidole vya miguu vyenye ganzi, usivioteshe motoni wala usivisugue. Vitie katika maji ya vuguvugu, kisha uje. Na kikohozi kilichoanzia mlimani kisipokwisha, uje pia.

Yule kijana wa Panado alirudi mlimani mwaka jana. Kabla ya hapo alipita zahanati Jumatatu, safari ikiwa Ijumaa. Nilimpima, alikuwa mzima. Mke wake alikuja naye, safari hii akaingia ndani. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari, na ndiye aliyeniuliza maswali.