Sura ya 4: Akaunti ya Pili

Mama mmoja anauza vitenge kwenye fremu ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mauzo ya siku, pesa za wateja wa mikoani waliomwagiza mzigo, ada ya mtoto na kodi ya pango, zote zinaingia akaunti moja. Akitazama salio anaona limenona, kumbe sehemu kubwa ni pesa za watu. Siku mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi sita, mtaji ndio unaoliwa. Dawa anaijua: akaunti ya pili, ya biashara peke yake.

Anafika benki na bahasha yake ya kaki. Afisa anazipanga karatasi mezani: kitambulisho cha NIDA, cheti cha TIN, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, leseni, mkataba wa pango. Anapitisha kidole toka moja hadi nyingine. NIDA ina majina matatu, TIN ina mawili. Leseni inataja Mtaa wa Kongo, cheti cha BRELA kingali Mtaa wa Sikukuu alikoanzia. Mkataba una jina la mtu mwingine kabisa.

"Mama, hapa kila karatasi ina habari yake. Karekebishe, kisha urudi."

Anatoka ameinama, akiamini amekataliwa kwa sababu biashara yake ni ndogo. Sivyo. Akaunti ya kwanza ilikuwa yake binafsi, na kitambulisho kilitosha. Ya pili inataka kubeba jina la biashara, na jina la biashara haliwi mtu mbele ya sheria, tofauti na kampuni. Nyuma yake yupo mama huyuhuyu. Ndiyo maana benki inadai karatasi zinazomfunga yeye, jina lile na duka lile katika fundo moja.

Benki nayo ina mwenye kuisimamia. Sheria ya Udhibiti wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inailazimu imjue mteja wake: ni nani, anafanya nini, pesa zake zinatoka wapi. Mwaka 2019 Benki Kuu ilizitoza benki 5 faini ya jumla ya shilingi bilioni 1.9 kwa kulegea katika wajibu huo. Kisha Oktoba 2022 Tanzania ikaingizwa kwenye orodha ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, hadi ilipotolewa Juni 2025. Uzito wa mambo hayo humfikia muuza vitenge kupitia kidole cha yule afisa.

Hata hivyo, kikwazo kizito kuliko vyote ni kile cha Kariakoo yenyewe. Fremu moja hugawanywa na wafanyabiashara wawili, watatu, hata zaidi. Aliyesaini mkataba na mwenye nyumba ni mmoja. Wengine wameingia kwa kumlipa kilemba, yaani pesa ya kuingilia, na kupeana mikono. Wanauza hapo miaka nenda rudi, wateja wanawajua, wapagazi wanawajua, lakini hakuna karatasi inayosema wapo. Ninaliona hili ni dhuluma ya kimyakimya: mtu analipa kodi na bado hana anwani.

Urekebishaji una mpangilio wake. Anza na majina, kwa kuwa kila karatasi inayofuata huyanakili. Kitambulisho cha NIDA kiwe msingi, TIN ifuate. Yakitofautiana, uliza kama hati ya kiapo itakubaliwa. Kisha peleka BRELA mabadiliko ya anwani. Leseni ije baadaye, ikiwa hai, maana muda wake ni mwaka mmoja. Benki uende mwisho, baada ya kuomba orodha yao kwa maandishi, kwa kuwa kila benki ina nyongeza zake.

Kuhusu pango, mwombe aliyesaini mkataba akuandikie makubaliano ya kupangishwa sehemu, mwenye nyumba aridhie kwa saini, na serikali ya mtaa ithibitishe kwa barua. Wengi hulidai hili baada ya miaka, wakati mwenzao hana tena sababu ya kuharakisha. Lidai siku ile ile unayotoa kilemba, kabla pesa haijatoka mkononi mwako.