Tujue Mtandao (3): Kibao cha Duka Ambacho Mwenye Duka Hakioni

Wiki iliyopita tuliona jinsi roboti za Google zinavyofuata kiungo hadi kiungo, zikisoma kurasa na kuziingiza katika orodha yao. Leo tuingie katika sehemu ya ukurasa inayosomwa na roboti ilhali wewe uliyeufungua huioni. Wataalamu wanaiita kichwa cha msimbo, na humo ndimo zinamokaa lebo za meta.

Nianze na kisa cha nyumbani. Shangazi yangu ana nyumba ndogo ya wageni Pangani, mkoani Tanga. Siku moja alinipigia simu, na baada ya kuitikia shikamoo yangu akaja moja kwa moja: "Mwanangu, hii tovuti mlinifungulia ya nini? Mgeni anasema ametafuta gesti Pangani kwenye simu mpaka kachoka. Jirani yangu yumo, mimi simo."

Nikafungua ukurasa wake kwenye kompyuta, nikabonyeza Control na U kwa pamoja. Kwenye vivinjari vingi vitufe hivyo viwili hufunua msimbo wenyewe, yaani ukurasa ukiwa umevuliwa nguo. Nilikuta makosa mawili. Kichwa cha ukurasa, yaani jina lake, kilikuwa neno moja tu, "Mwanzo". Chini yake palikuwa na lebo ya roboti yenye agizo "noindex", ambalo maana yake ni: ukurasa huu usiuingize kwenye orodha. Kijana aliyeijenga tovuti alikuwa ameiwekea alama ya kuwazuia watafutaji wakati kazi haijaisha, akamaliza, akalipwa, akasahau kuiondoa. Shangazi alikuwa amefungua duka akaacha mlango na komeo.

Lebo hizi si jambo la juzi. Kiwango cha HTML 2.0, lugha ya kuandikia kurasa, kilichotolewa Novemba 1995 kilikuwa tayari na nafasi ya meta, yaani maelezo kuhusu ukurasa yasiyoonyeshwa kwenye ukurasa wenyewe. Mwezi uliofuata AltaVista ikafungua milango, na yenyewe, pamoja na mitambo mingine ya kutafuta ya wakati ule kama Infoseek, ikawa inaisoma lebo ya maneno muhimu. Mwenye tovuti aliandika humo maneno ambayo angependa apatikane nayo, na mtambo ukamwamini.

Hapo ndipo ulaghai ulipoingia. Msomaji haioni lebo hiyo, basi nani atakusuta? Muuza matairi aliweza kuandika majina ya wanamuziki maarufu, na mwingine kurudia neno moja mara mia. Wengine walichomeka alama za biashara za washindani wao, mpaka mambo yakafika mahakamani. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Brookfield dhidi ya West Coast, ilifananisha tendo hilo na kusimika mbele ya duka lako kibao chenye jina la biashara ya mwenzako.

Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikuja na hesabu tofauti. Badala ya kumsikiliza mwenye ukurasa akijisifu, ilitazama ni kurasa gani nyingine zinazomwelekeza msomaji kwake. Septemba 2009 ikatangaza wazi kwamba lebo ya maneno muhimu haiitumii kabisa katika kupanga matokeo ya utafutaji. Hata hivyo, mpaka leo wapo mafundi wanaowatoza watu fedha kwa kuijaza. Ni sawa na kuuziwa hirizi na mganga ambaye mwenyewe haivai.

Sasa tazama lebo zilizobaki na nguvu, utaona mantiki yake. Agizo la "noindex" linatiiwa mara roboti inapolisoma, kwa kuwa hakuna anayefaidika kwa kujifungia mlango mwenyewe. Lakini lina mtego. Ukiizuia roboti kabisa kwa faili la robots.txt, haitaingia, na isipoingia haitalisoma agizo lako. Ukurasa unaweza kuendelea kutajwa kwenye matokeo kwa sababu tu tovuti nyingine zimeelekeza kwake.

Nguvu nyingine imebaki katika yale ambayo mtu atayaona kabla ya kubofya, nayo ni mawili: kichwa cha ukurasa na lebo ya maelezo. Kwa kanuni za msimbo kichwa si lebo ya meta hasa, lakini wanakaa chumba kimoja. Hiki ndicho huonekana kwa herufi kubwa kwenye matokeo, na Google hukitumia pia kuelewa ukurasa unahusu nini. Maelezo ni yale maneno madogo ya chini yake. Hayakupandishi hata nafasi moja, Google imelisema hilo, lakini ndiyo yanayomfanya mtu abofye kwako au ampitie jirani. Vyote viwili ni kibao kinachotazama barabarani: mwenye duka aliyekaa ndani hakioni, mpita njia ndiye anayekisoma.

Kwa kichwa, mafundi hulenga takriban herufi 60, kwa maelezo 150 hadi 160. Hizo si sheria. Mtambo hukata kwa kupima upana wa kioo, na yanayozidi hugeuka nukta tatu. Google pia inaweza kuyaacha maelezo yako na kuchota sentensi ndani ya ukurasa ikiona inajibu vizuri zaidi swali la mtafutaji.

Tulikaa na shangazi kuandika upya. Mimi nilitaka neno "gesti" liwe kwenye kichwa, kwa kuwa ndilo watu wanaloandika. Akakataa katakata: "Gesti ni za kulala saa mbili. Hapa kwangu wanakuja watu na watoto wao." Tukaafikiana hivi: "Nyumba ya Wageni Pangani Mjini, Karibu na Kivuko cha Bweni". Herufi 58, nafasi zikihesabiwa. Neno gesti tukaliweka ndani ya ukurasa, katika sentensi inayosomeka na kila mtu: anayetafuta gesti ya kifamilia amefika.

Maelezo yakawa: "Vyumba 8 vyenye feni na chandarua, hatua chache kutoka kivuko cha Bweni. Chai ya asubuhi imo kwenye bei. Tunapanga safari za Kisiwa cha Maziwe." Hakuna "huduma bora za kiwango cha kimataifa", maneno ambayo kila mtu huandika na hayamwambii mgeni alale wapi. Na kila ukurasa ulipata kichwa chake: wa bei ukasema bei, wa safari ukasema safari.

Kuna ndugu wa lebo hizi asiyepaswa kusahauliwa huku kwetu, ambako kiungo hutumwa zaidi kwa WhatsApp kuliko kutafutwa. Ni lebo za Open Graph, zilizoletwa na Facebook mwaka 2010. Ndizo zinazoamua ni picha gani na jina gani litokee kiungo kinapotumwa kwenye kundi. Usipoziweka, kiungo chako kinaweza kufika kikiwa uchi, mstari wa bluu ambao watu huuogopa wakidhani ni utapeli.

Baada ya siku kadhaa roboti ilipita tena, na nyumba ya shangazi ikaonekana. Nikangoja shukrani. Simu ilipokuja, ilikuwa lawama: mgeni aliyesoma kwamba chai imo kwenye bei amedai chapati, na siku hiyo kulikuwa na mkate tu. "Wewe ndiye uliyeandika," akasema. Nikamjibu kwamba niliandika chai, chapati sikuitaja. Hakucheka. Siku hizi kila Ijumaa hunipigia nimsomee kibao chake kinasemaje, kisha ndipo anaagiza unga.

Wiki ijayo: viungo, na kwa nini kuvinunua ni hasara.