Mwache Koko Ainuke Mwenyewe

Ukipita makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, asubuhi, jua likiwa bado halijakaza, utawaona wazee wamekaa mbele ya nyumba zao. Kiti cha plastiki au kigoda kimewekwa penye kivuli, kitenge kimefunikwa magotini, na kikombe cha chai kiko kando, kimeletwa na mjukuu. Mzee akijaribu kuinuka achukue kitu, kuna mtu atamwahi: "Kaa tu, koko, usisumbuke, nakuletea." Wakongomani husema koko, Wanyarwanda nyogokuru, Wasomali ayeeyo, na Wanyankore, wenyeji wa wilaya hii ya Isingiro, husema kaaka. Heshima ni ile ile. Mtu aliyelima milima ya Masisi huko Kongo, akabeba maji, akalea watoto na kisha akakimbia vita kwa miguu yake, anastahili kupumzishwa.

Ni heshima hiyo ninayotaka kuizungumzia. Ndani ya mwili inafanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia: siku baada ya siku, inamnyang'anya mzee miguu.

Mwaka 2007, Patrick Kortebein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio dogo. Waliwaomba wazee wachache, wenye umri wa wastani wa miaka 67 na wasio na ugonjwa, walale kitandani siku 10. Walikula vizuri na hawakuwa na homa wala kidonda. Siku ya kumi ilipofika, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo nzima ya nyama. Sasa mfikirie mzee ambaye hakulala kwa kuombwa. Amelazwa kwa malaria kali au nimonia, hana hamu ya chakula, na homa yenyewe inaula mwili wake. Akirudi nyumbani, familia inamwekea godoro na kumwambia apumzike mwezi mzima "nguvu zirudi". Kwa kulala, nguvu hazirudi.

Jaribio la zamani zaidi linatisha kuliko hilo. Mwaka 1966, mjini Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu, kisha wakapimwa uwezo wa moyo na mwili kufanya kazi ngumu. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta watu hao hao watano wakawapima tena. Ilionekana kwamba wiki zile tatu za kitandani ziliwashusha zaidi ya ilivyowashusha miaka 30 ya kuzeeka.

Kwa nini? Nyama ya mwili inafanana na ukuta wa nyumba ya udongo: mvua inaumomonyoa kila msimu, na kila msimu watu wanaukandika upya. Katika misuli, kubomoka na kujengwa kunaendelea usiku na mchana. Ili ujenzi uendelee mwili unahitaji vitu viwili, yaani udongo, ambao ni protini ya chakula, na amri ya kujenga, ambayo hutoka kwenye kazi. Msuli usiobeba uzito haupati amri hiyo. Kwa kijana, amri ndogo na udongo kidogo vinatosha. Kwa mzee mafundi wamekuwa wagumu wa kusikia: anahitaji amri yenye sauti zaidi na udongo mwingi zaidi ili apate ukuta ule ule. Ndiyo maana kumwondolea mzee kazi na kumpunguzia chakula kwa wakati mmoja ni hatari maradufu.

Nyuzi za msuli zinazotangulia kuondoka ni zile za haraka, zinazomwezesha mtu kujishika anapojikwaa. Mzee anaweza bado kutembea polepole bila taabu, lakini akiteleza kwenye matope ya mwezi wa nne mguu unachelewa kufika mahali pake, naye anaanguka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio wanaokufa zaidi.

Nakivale ina sababu zake za kuwaweka wazee kitini. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipoanza kukimbilia Ankole, na tangu hapo yamewapokea Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Waliotangulia walipewa ardhi ya kutosha, na jembe likawa mazoezi yao bila mtu kuliita mazoezi. Kadiri watu walivyoongezeka viwanja vilipungua, hata leo mzee aliyefika juzi kutoka Kivu Kusini anaweza kuwa na kipande cha ardhi kinachotosha nyumba na matuta mawili ya lengalenga. Alizoea kupanda mlima kila siku, na sasa shughuli yake kubwa ya wiki ni kupanga foleni. Mwili haujui kwamba ni siasa za Kongo zilizomfikisha hapo. Unachojua ni kwamba amri ya kujenga haiji tena.

Habari njema ni kwamba msuli wa mzee unaweza kurudi hata akiwa ameshachelewa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, mjini Boston, waliwafundisha wazee 10 wa kituo cha kulea wazee, wote wenye miaka kati ya 86 na 96, kunyanyua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki. Baada ya wiki nane, nguvu za miguu ya waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutembea na fimbo. Utafiti huu ninautaja kila mtu anaponiambia "huyu ameshazeeka, tumwache". Mwenye miaka 80 ni kijana mbele ya wale.

Nyumbani, kifaa chenyewe ni kile kile kiti cha mlangoni. Chagua kiti imara kisicholegea, kiegemeze ukutani, na wewe simama karibu. Mwambie mzee akunje mikono kifuani, ainuke, asimame wima, akae polepole, arudie. Mara ya kwanza mpime kwa saa ya simu. Wataalamu wa Ulaya wanaochunguza kudhoofika kwa misuli wamekubaliana kwamba anayetumia zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara tano ana dalili ya misuli dhaifu. Kipimo cha pili ni mwendo. Pima mita 4 uani na uweke mawe mawili. Akitumia sekunde 5 au zaidi kwa mwendo wake wa kawaida, miguu inahitaji msaada. Vipimo hivi viandike kwenye daftari la mtoto wa shule, maana baada ya mwezi macho husahau lakini daftari halisahau.

Kisha kuinuka kule kunakuwa dawa. Asiyeweza kuinuka bila mikono aanze kwa kushika mapaja, au kiti kiongezwe urefu kwa blanketi lililokunjwa, na blanketi lipunguzwe kadiri anavyopata nguvu. Mara tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, hadi zifike kumi kumi. Zikiwa rahisi, ashike kifuani chupa ya maji ya lita moja. Kukaa kwa taratibu kuna thamani sawa na kuinuka, kwa hiyo asijibwage. Baadaye asimame akishika fremu ya mlango na ainue visigino, kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde chache. Mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wazee walau siku tatu kwa wiki, pamoja na kutembea. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni ishara ya kuacha na kwenda kituo cha afya. Uchovu wa mapaja ni ishara kwamba amri imefika.

Na wanaokaa mkekani wasidhani wamebaki nyuma. Claudio Gil Araújo na wenzake nchini Brazili waliwapima watu 2,002 wenye miaka 51 hadi 80 kwa kuwaomba wakae sakafuni kisha wainuke bila kushika kitu, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba walioshindwa zaidi walikufa zaidi katika miaka iliyofuata. Kukaa chini hakurefushi maisha kwa miujiza, bali kunaonyesha akiba ya nguvu na wepesi iliyobaki mwilini. Ayeeyo wa mtaa wa Wasomali anayerukuu, kusujudu na kuinuka kwa sala tano anaitumia akiba hiyo kila siku, na maadamu magoti yanamruhusu sioni sababu ya kumharakishia kiti.

Nirudi kwenye udongo wa ukuta. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo koko wa kilo 55 anahitaji gramu 55 hadi 66. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina karibu gramu 9, na yai moja lina kama 6. Dagaa wakavu, wale ambao Uganda huitwa mukene, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wakisagwa unga wanaingia kwenye uji bila kumsumbua asiye na meno. Lakini tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa na, mwaka 2023, familia kugawanywa kwa makundi ya uhitaji, jambo moja linaonekana katika nyumba nyingi: koko anasogeza sahani yake kwa wajukuu na kusema ameshiba. Hajashiba. Mpakulie wa kwanza, kaa naye hadi amalize, na kama ni kidogo, basi maharage yaende kwake na ugali uongezwe kwa vijana. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye pekee anayepaswa kuuliza kwanza kwa mhudumu wa afya.

Kuna pia mnyororo wa mambo ambao hauonekani hadi uulize habari za usiku. Choo cha shimo kiko nyuma ya nyumba, njia ina mashina na mawe, na kuchuchumaa ni kazi ya mapaja ambayo hana tena. Koko anafanya hesabu yake kimya kimya: nisipokunywa maji jioni, sitatoka usiku. Umri tayari umepunguza kiu yake, kwa hiyo hata mchana hanywi. Damu inapungua ujazo, na akisimama ghafla shinikizo linashuka, macho yanaona giza na anaanguka. Ukimhoji atasema ni uzee. Mwanzo wake ni choo. Fundi seremala akitoboa tundu kwenye kiti imara cha mbao na kukiweka juu ya shimo, kamba nene ikafungwa kutoka nguzo ya nyumba hadi mlango wa choo, na taa ndogo ya sola ikaning'inizwa, mnyororo huo hukatika. Ndani, weka ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda. Na kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu mara ishirini. Misuli ya mashavu ya miguu ni pampu inayorudisha damu juu.

Anayerudi kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mbarara anahitaji zaidi ya hayo. Hapo, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa 1989, kuna wataalamu wa fiziotherapia, lakini kutoka Nakivale ni safari ya nauli mbili na siku nzima, na familia nyingi hufika mara moja tu. Kwa hiyo mwangalizi aliyelala naye wodini ndiye mwanafunzi wao. Kabla ya kuruhusiwa, mwombe mtaalamu akuonyeshe, na wewe ufanye mbele yake: namna ya kumgeuza, kumketisha na kumsimamisha. Anayeshindwa kujigeuza ageuzwe kila saa mbili na uti wa mgongo wa chini, nyonga na visigino vikaguliwe. Aliyepatwa na kiharusi asivutwe kwa mkono uliolegea, kwani bega hutoka mahali pake. Kukanda kwa maji ya moto na majani kunatuliza, na sina ugomvi nako, ila ukandaji ni kazi ya mkandaji. Msuli wa mgonjwa haujafanya kazi hapo. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 222 wa kiharusi ulionyesha kwamba kuufunga mkono mzima kwa muda na kuulazimisha ule dhaifu ufanye kazi kunaurudishia uwezo. Mpe basi maharage achambue kwa mkono ule mbovu, hata kama ni kumi tu kwa saa.

Na akianguka akashindwa kusimama, mguu mmoja ukionekana mfupi na umepinda nje, asilazimishwe kutembea. Huenda nyonga imevunjika: mguu ule ufungwe pamoja na mwenzake, apelekwe hospitali.

Kazi hii yote inabaki kwa familia. Raia wa Uganda aliyezeeka sana hupata fedha kidogo kila mwezi katika mpango wa fedha za wazee ulioanza 2010. Koko mkimbizi hayumo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Wahudumu wa afya wa vijiji, wale wa VHT, wanapita kuuliza habari za watoto na chandarua. Wangeweza kuuliza pia: koko, nionyeshe unavyoinuka.

Jumapili ndiyo siku rahisi ya kuanza. Kanisa liko mbali kidogo, na kawaida huitwa bodaboda. Wiki hii mwambie mjukuu achukue kile kigoda cha mlangoni akiweke kichwani, atangulie na koko njiani. Watembee hadi kwenye mwembe, koko akae, apumzike. Halafu mjukuu akichukue tena, waendelee hadi kwenye bomba la maji.