Kichaka cha Usiku na Mapaipai ya Mudzipela

Mpaipai jike hauna cha kumpa mgeni. Maua yake hayana nekta, na chavua inayouzalisha lazima itoke kwenye mti mwingine. Hapa Bunia, katika viwanja vya Mudzipela, mti ukizaa ni rahisi kuwasifu nyuki. Lakini kazi kubwa hufanyika giza likiingia.

Wanaoifanya ni nondo wakubwa wa jamii ya Sphingidae. Hawatui kwenye ua. Hupiga mabawa upesi hata wakasimama hewani, wakakunjua mrija uliojisokota chini ya kichwa, wakafyonza. Kabla ya kuruka hutetemesha misuli mpaka mwili upate joto, na hilo huwawezesha kuruka hata usiku wa baridi. Mwaka 2002 Almut Kelber na wenzake, nchini Sweden, walionyesha kwamba nondo mmoja wa jamii hiyo hutambua rangi kwa mwanga wa nyota peke yake, ambapo macho yetu huona weusi na weupe tu.

Kusimama hewani namna hiyo hula nguvu nyingi, na mipaipai michache ya uani haiwezi kuwashibisha. Ndipo kinapohitajika kichaka cha porini. Gardenia ternifolia, ndugu wa kahawa, hukua kwenye savana za Afrika, zikiwemo za kaskazini-mashariki mwa Kongo. Mchana hakivutii: matawi mafupi yaliyopinda, matunda magumu yenye nyuzinyuzi. Moto wa kiangazi hupita, nacho huchipua tena. Jioni ua jeupe hufunguka na harufu yake hutangulia mbali kabla hujaliona. Weupe huonekana gizani, harufu humwongoza nondo, na nekta imefichwa ndani kabisa ya mrija mrefu wa ua, mahali ambapo wadudu wengi hawafiki. Kesho yake ua hugeuka njano.

Nondo aliyeshiba hapo ndiye anayepita uani. Ua dume la mpaipai lina nekta na harufu. Ua jike humdanganya kwa kufanana nalo. Anaingiza mrija, hapati kitu, ila chavua imekwisha kufika. Dino Martins na Steven Johnson walichunguza jambo hili kwenye mashamba ya mapaipai nchini Kenya, na mwaka 2009 wakaeleza kuwa umbali kati ya shamba na uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, huathiri uchavushaji wa nondo. Kwangu mimi, hilo linatosha kukitoa kichaka hiki katika hesabu ya magugu.

Najua mkulima ana malalamiko yake. Mmoja wa nondo hawa, Agrius convolvuli, akiwa bado kiwavi mwenye pembe mkiani, hula matembele bila huruma. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kiwavi huyo huyo akikua huwa mchavushaji, na sumu inayopuliziwa ovyo shambani haichagui.

Basi unaposafisha kiwanja, unapochoma nyasi au kukata miti ya makala ya kupikia, acha vichaka vichache vya Gardenia vimesimama mpakani. Taa ya nje isiyo na kazi izime mapema, kwa maana huwavuta nondo wakaliacha ua. Na mipaipai yako ikiwa inachanua ila haishiki matunda, kabla ya kuilaumu mbegu, angalia kwanza kama kuna mti dume karibu na kama pori la jirani bado lipo.